Vali ya Tangi la Nne

Kwa miaka kumi na mmoja Onyango alikuwa afisa wa uvuvi huko Homa Bay. Alizunguka ufuoni mwa ziwa na daftari lake na chombo cha kupimia maji, akakamata nyavu zenye macho madogo, akagombana na wenye viwanda waliomwaga uchafu ziwani. Wavuvi walimwogopa kidogo na kumheshimu sana. Kisha mkewe, Moraa, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Toronto, na wote wakahamia Rexdale pamoja na binti yao Awuor, kwenye ghorofa ya tisa ya jengo lililo karibu na barabara ya Kipling. Vyeti vya Onyango havikumfungulia mlango wowote. Akaishia kuosha matangi katika kiwanda cha kupaka vyuma zinki.

Aliyempa kazi hiyo ni Rameez, msimamizi wa shifti ya asubuhi, mtu wa Arusha aliyefika Kanada akiwa kijana. Siku ya usaili aliposikia lafudhi ya Onyango alicheka, akaweka fomu kando, wakamalizia mazungumzo kwa Kiswahili. Tangu hapo walikula pamoja kila mchana. Rameez alikuwa akileta kachori alizopika mkewe, na Onyango akiwa na chapati zake, na walibishana kama watu waliokua mtaa mmoja.

Alhamisi moja mwishoni mwa Septemba, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Lori la kuchukua maji machafu lilikuwa halijaonekana kwa wiki tatu, na tangi la nne, linalopokea maji ya kusuuzia vyuma, lilikuwa limejaa pomoni. Rameez alitoka ofisini kwa mwenye kiwanda uso umemshuka.

"Onyango, ndugu yangu. Vuta mpira mpaka uani, uutie kwenye mtaro, halafu fungua vali. Punguza nusu leo. Nusu iliyobaki tutaimalizia Jumatatu, wamesema mvua itakuwepo."

"Mtaro wa mvua?"

"Ni maji ya kusuuzia tu. Na mvua yote hii itayazimua."

Harufu ya asidi ilikuwa inamchoma Onyango puani hata kabla hajaugusa mpira. Alijua kwamba maji ya mtaro ule hayapiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Yanateremka moja kwa moja hadi kijito kilicho nyuma ya uzio, na kijito kinaingia mto Humber. Alijua pia kwamba huo ndio mwezi ambao samaki waitwao samoni wanaupanda mto huo kutoka kwenye ziwa unamoishia, kwenda kutaga. Lakini alifikiria karatasi zao za ukaazi wa kudumu, ambazo zilikuwa bado mikononi mwa serikali, akafikiria na miezi saba aliyokaa nyumbani bila kazi, akiangalia dirishani.

"Sawa," akasema.

Akafungua. Alisimama pale kwenye mvua dakika arobaini, mgongo ameupa mtaro.

Jumamosi asubuhi alishindwa kukaa nyumbani. Moraa alikuwa kazini, Awuor amelala. Alipanda basi, akashuka karibu na kiwanda, akafuata njia ya waenda kwa miguu inayoandamana na kijito hadi kinapokutana na mto. Mvua ilikuwa imekatika na jua lilikuwa limetoka. Kwenye kingo alikuta watu wanne watano wamesimama na fimbo zao za kuvulia, lakini hakuna aliyekuwa anavua. Walikuwa kama watu waliofika msibani wakakuta maiti haijafunikwa.

Visamaki vidogo vilikuwa vimeganda kwenye majani ya ukingoni, mamia kwa mamia, matumbo juu. Katikati yao walilala samaki wakubwa wanaokaa chini kabisa mtoni, na samoni sita, wanene, wengine bado wana rangi. Onyango alipiga magoti kwenye tope. Alimgeuza samoni mmoja jike, akafungua shavu lake kwa kidole. Matamvua, ambayo yangepaswa kuwa mekundu kama damu, yalikuwa ya kijivu na yamefunikwa na ute mzito. Hakuhitaji chombo chochote. Alipomshika tumboni ili amweke chini, mayai yalimwagika kiganjani mwake, ya rangi ya machungwa, yakateleza kati ya vidole na kuanguka majini.

Mmoja alikuwa hai bado. Alikuwa juu ya maji analala ubavu, anajinyoosha, analala tena, kinywa wazi. Onyango aliingia mtoni na viatu vyake, akamshika kwa mikono miwili, akamwelekeza kichwa upande maji yanakotoka, ili yampite kwenye matamvua. Alikuwa amewafundisha wavuvi wengi namna hiyo ya kumrudishia samaki pumzi. Alimshikilia mpaka miguu yake ikafa ganzi. Kisha akahisi ule mtetemo mdogo mikononi ukiisha.

Mwanamke mmoja mzee, mwenye kofia ya sufu, alisogea ukingoni akamuuliza kwa Kiingereza, "Wewe unaonekana unaelewa mambo haya. Unajua kilichowaua?"

"Hapana," Onyango akajibu. "Sijui."

Neno hilo lilimfuata ndani ya basi mpaka Downsview, nyumbani kwa Rameez.

Rameez alimkaribisha jikoni, akamimina chai. Onyango alimweleza alichokiona, pole pole, bila kupandisha sauti. Rameez alisikiliza huku anakoroga kikombe ambacho hakuwa amekitia sukari.

"Una hakika ni sisi?"

"Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, bwana. Nina hakika."

"Viwanda viko vingi pale."

"Rameez."

Rameez akaacha kijiko. "Nimeshamwambia mwenye kiwanda mara mbili kuhusu lori. Anasema kampuni ya lori inamsumbua. Nifanye nini? Nina miaka hamsini na sita, Onyango. Nikitoka pale, nani atanichukua?" Alimtazama machoni. "Na wewe je? Ni mkono wako uliofungua. Wakija, hawataniuliza mimi kwanza. Fikiria karatasi zako. Fikiria mama Awuor."

"Jumatatu utaniambia nifungue tena?"

Rameez alinyanyuka, akaenda kusimama mbele ya sinki, akafungulia maji bila kuosha kitu.

Moraa alirudi saa moja kasoro jioni, bado amevaa sare. Alikuta suruali ya mumewe imening'inizwa bafuni, ina tope mpaka mapajani. Onyango alimwambia yote, hata lile "sijui" alilomwambia yule mama mzee. Moraa alivua viatu, akakaa kitandani, akasugua nyayo zake kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukukataa siku ile?"

"Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi."

Walikuwa wakizungumza Kiswahili siku zote, kwa kuwa yeye ni Mkisii na mumewe ni Mjaluo, na ndani ya Kiswahili hicho walikuwa wameoana, wamegombana na kulea mtoto. Jioni ile kila mmoja alikitafuta kwa shida.

"Baba Awuor," Moraa akasema mwishoni, "wakitunyima karatasi nitakasirika. Sitakuficha. Nitakasirika sana na pengine nitakulaumu. Lakini tangu Alhamisi hujala, na mimi nilidhani ni ugonjwa. Piga simu."

Alipiga palepale, mezani, kwenye namba ya serikali ya kuripoti kemikali zilizomwagika. Aliyepokea alimwambia anaweza kuripoti bila kutaja jina. Onyango alitaja jina lake lote, akalitamka herufi kwa herufi.

Afisa wa mazingira alimkuta Jumapili asubuhi nje ya uzio wa kiwanda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buti za mpira na sanduku la chupa za sampuli, na Onyango aliona wivu wa ghafla kwa sanduku lile. Alimwonyesha mtaro, akamwonyesha doa jeupe kwenye saruji ambalo mvua haikuliosha, akamweleza tangi, vali, na dakika arobaini.

"Nani alifungua?"

"Mimi."

Afisa aliacha kuandika. "Unaelewa kwamba hata wewe unaweza kushtakiwa?"

"Naelewa. Bado kuna nusu ndani ya tangi. Kesho wataitoa."

Haikutoka. Kabla ya saa sita mchana vali ilikuwa imefungwa kwa lakiri ya serikali, na mtaro umezibwa. Jumanne Onyango alipofika kazini, kadi yake haikufungua mlango. Rameez alikuwa upande wa pili wa kioo. Alimwona, akainamisha kichwa kwenye karatasi zake.

Onyango alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Barua ya uhamiaji ilichelewa, wakaambiwa wasubiri uchunguzi uishe, na kweli Moraa alikasirika, na kuna wiki mbili walizoongea kupitia Awuor, ambaye aliwajibu wote wawili kwa Kiingereza. Mwezi Juni Onyango aliomba kwenda na kikundi cha wanaohesabu samaki wa kijito. Walipitisha wavu mara tatu mahali ambapo mwaka uliotangulia walikuwa wamehesabu zaidi ya mia tatu. Walipata tisa. Msichana aliyeshika daftari alidhani amesikia vibaya, akauliza tena.

Kesi dhidi ya mwenye kiwanda ilisikilizwa mwezi Oktoba. Onyango hakushtakiwa, aliitwa kama shahidi. Kwenye ukumbi nje ya chumba cha mahakama alimkuta Rameez kwenye benchi, amevaa suti iliyombana mabegani. Onyango akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Yule mwenye kiwanda ameniletea wakili," Rameez akasema, bila kumtazama. "Anataka niseme ulifungua kwa kichwa chako. Kwamba sikukwambia."

Onyango aligeuka kumtazama.

"Nilikuwa nimekubali. Mpaka jana." Rameez alijifuta uso kwa leso. "Mke wangu aliniuliza kama kweli sikukuamuru, nikashindwa kumdanganya. Nilifikiri basi nitasema wewe hukujua ni kitu gani. Angalau hilo nikusaidie."

"Nilijua, Rameez. Kuliko wewe. Usiseme hivyo."

Mlango ulifunguliwa, jina la Rameez likaitwa. Alisimama, akavuta koti, akaingia. Mlango haukufungika vizuri nyuma yake. Onyango alisikia akiulizwa nani alitoa amri, kisha sauti ya rafiki yake, ndogo lakini inasikika:

"Mwenye kiwanda aliniamuru mimi, na mimi nikamwamuru Onyango. Sote watatu tulijua mtaro ule unakwenda wapi."

Alipotoka alipita mbele ya benchi bila kusimama. Karibu na lifti alisita, akageuka nusu, akampungia Onyango mkono mara moja, kisha akaingia ndani ya lifti.

Onyango alibaki amekaa, akisubiri zamu yake ya kuitwa.