Mbuzi wa Chini ya Maji

Mama Marie-Jeanne alikuwa amekwama kwenye suti ya kuzamia, nusu ndani nusu nje, na mtu pekee pale ufukweni aliyejua namna ya kumsaidia alikuwa ndiye mtu pekee duniani asiyeruhusiwa kumgusa.

Mtu huyo ni Prodige. Kazi yake ilikuwa kuwazamisha wanaoanza: watalii, wanafunzi, wachumba waliozawadiana safari ya boti siku ya kuzaliwa. Anawavalisha, anawapakia kwenye boti ya mpira, anawashusha mita tano kwenye miamba ya Vetch's, hapo Durban, wanaona samaki, anawarudisha wakiwa hai. Alikuwa amevalisha watu wa kila umbo na hakuna aliyemshinda. Lakini Mama Marie-Jeanne ndiye aliyemzaa Yvette, na Yvette ndiye Prodige aliyekuwa anamposa. Kwa watu wa kina Yvette, huko Kongo, mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani. Hawatazamani machoni, hawali sahani moja, hawapiti mlango mmoja kwa pamoja. Ukimgusa kwa bahati mbaya, unalipa mbuzi wa aibu. Ukimgusa kwa kupenda, ndoa imekufa na mbuzi hawana kazi.

"Lakini mimi sijawa mkwe bado," Prodige alisema, mgongo wake ukiwa umeelekea kule mama aliko. "Hamjanikubali."

"Ndiyo maana uogope zaidi," alijibu Papa Baudouin. Huyu alikuwa mdogo wake mama, na alikuja kama shahidi wa familia, amevaa suti ya kijivu, tai, na viatu vya ngozi ya mamba vyenye ncha. "Leo unamshika. Kesho tunakukubali. Sasa ile ya leo tutaiita nini?"

Kutoka nyuma ya gari la vifaa ikasikika sauti ya mama. "Baudouin! Mwambie huyo mtu nguo yake imenimeza!"

"Yaya anasema nguo imemmeza," Baudouin akapeleka ujumbe; kwao yaya ni dada mkubwa.

"Nimesikia, Papa."

"Hukusikia. Mimi ndiye ninayekwambia."

Safari hii aliitaka mwenyewe mama. Siku familia ilipokaa kusikiliza posa, aliuliza kijana anafanya kazi gani, akaambiwa anaingiza watu majini halafu anawatoa. Kisha akauliza, "Na watu wazima wanamlipa kwa hilo?" Wanamlipa, mama. "Basi ni mchawi au ni mwizi. Sitoi mtoto kabla sijaona kazi yenyewe kwa macho yangu. Na sitaitazama kutoka mchangani. Nitaingia." Hapo ndipo ndoa yote ilipowekwa rehani. Mama akitoka majini ameridhika, barua ya mahari inaandikwa. Asiporidhika, Prodige atafute kwingine.

Prodige alikuwa amepanga vizuri. Mama angezamishwa na Thandeka, mwalimu mwenzake, mwanamke mwenye mikono ya upole, na yeye Prodige angekaa mbali kabisa akishughulika na mitungi. Asubuhi ile Thandeka akapiga simu, pua imeziba, mafua. Mwenye mafua hazami, masikio yanapasuka. Mwenye boti, Bwana Pillay wa Chatsworth, akatazama saa, akatazama upepo, akasema ama Prodige azame na mama ama watu warudi nyumbani.

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Kuhusu kuyavalia hawakusema kitu.

Prodige akatoa mfuko wa plastiki wa dukani, akaurusha nyuma bila kugeuka. "Papa, mwambie mama avae huo mfuko mguuni kwanza, ndipo aingize mguu kwenye suti. Utateleza."

Baudouin akaupeleka. Likasikika guno, tusi moja la Kifaransa, halafu "Ah!" Mguu wa kwanza ukapita, na wa pili. Mikono nayo ikapita. Ikabaki zipu ya mgongoni, na hapo Baudouin akainua mikono: yeye ni mwanaume, yule ni dada yake, mgongo wa dada si mahali pa kaka kupapasa. Prodige akafunga kamba ndefu kwenye mkia wa zipu kwa mkono wa Baudouin, akasimama hatua kadhaa mbele kama mtu anayevuta ng'ombe sokoni, mgongo kwa mama, macho baharini, akavuta.

"Mwambie avute taratibu, mimi si mzigo wa Lubumbashi!"

"Anasema taratibu."

Zipu ikapanda hadi shingoni. Bwana Pillay, aliyekuwa anatazama yote hayo akiwa ameshika usukani, akauliza kama hiyo ni dini. Prodige akasema ni zaidi.

Palikuwa na jambo la pili: nywele. Mama alikuwa na saluni Isipingo, karibu na steji ya teksi, na kichwa chake ndicho kilikuwa bango la biashara. Siku hiyo alivaa wigi refu jeusi, lililofika mabegani.

"Papa, mwambie mama nywele zivuliwe. Miwani ya kuzamia ikikalia nywele inaingiza maji."

"Mwambie hizi ni nywele za three thousand rand," ilijibu sauti. "Hazivuliwi mbele ya mtu anayetaka kuwa mkwe. Kichwa changu ataona nikifa."

Jambo la tatu lilikuwa bahari yenyewe. Ofisini kwa Bwana Pillay palikuwa na picha kubwa ya Mediterania aliyoitoa mtandaoni: maji ya buluu yametulia kama chai kikombeni, boti nyeupe, mzungu anacheka. Mama aliitazama sana wakati wa kulipia. Sasa alikuwa anatazama mawimbi ya Durban yakijibwaga mchangani.

"Baudouin, muulize, bahari ya kwenye picha iko wapi?"

"Iko Ulaya, mama," Prodige akajisahau, akajibu mwenyewe.

"Mwambie ameniuzia Ulaya, ananipa hii."

Hata hivyo alipanda. Baudouin naye akapanda, kwani shahidi hashuhudii kutoka nchi kavu. Prodige alikuwa amemwonya asile sana asubuhi. Lakini Baudouin alikuwa amekula fufu na makayabu, samaki wa chumvi, sahani mbili, akasema akifa afe ameshiba. Wimbi la kwanza liliinua boti hadi Baudouin akauona mji wote. La pili likaishusha. La tatu likamkuta amevua viatu vyake vya mamba na kuvikumbatia visilowe, na kwa vile mikono yake haikuwa na kitu kingine, alitapikia humo.

Walipofika kwenye miamba, Prodige akamfungia mama mtungi kwa mikono ya Baudouin, akamfundisha kupumua kupitia Baudouin, akampa sheria moja kupitia Baudouin: usizuie pumzi. Kisha akachukua kitenge cha mama, akakisokota kama kamba.

"Papa, mimi nashika huku, mama anashika kule. Hatutagusana."

Baudouin akakipima kwa macho. "Inakubalika," alisema, akatapika tena.

Wakaingia.

Mita moja, mbili, tatu. Mama alishuka vizuri, ameshika kitenge kwa mikono miwili, macho makubwa nyuma ya kioo. Prodige akaona jambo ambalo hakulifikiria kabla: chini huku hapakuwa na Baudouin. Alikuwa peke yake na mama mkwe, na hakuna wa kubeba maneno, na hata maneno yenyewe hayakuwepo.

Mita ya tano maji yakaanza kuingia kwenye miwani, pale pale nywele zilipopita. Yalifika puani. Mama akaachia kitenge ili ashike miwani, miwani ikasogea, wigi likachomoka kichwani na kupaa polepole kuelekea juu kama pweza mweusi.

Mfa maji hukamata chochote, hata mkwe. Mama alimrukia Prodige. Akamzungushia mikono shingoni na miguu kiunoni, akambana kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Prodige aliisikia mbavu moja ikiuliza swali. Mikono yake mwenyewe ilibaki imenyooka pembeni, haijui iende wapi. Alifikiria Yvette. Alifikiria mbuzi. Kisha akafikiria kwamba mama mkwe aliyekufa hatoi mtoto kwa mtu yeyote, akamshika.

Akamshika kichwa, kile kichwa cha mistari midogo ya nywele ambacho angekiona siku ya mazishi tu. Akabana miwani juu ya paji, akajigusa pua yeye mwenyewe kumwonyesha: toa pumzi kwa pua. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili maji yakatoka. Mara ya tatu miwani ikawa kavu, mama akafumbua macho.

Mbele yao alikuwa amesimama samaki. Mnene, wa madoa, midomo imening'inia, mashavu yamejaa, anawatazama kwa dharau ya mtu anayedai kodi. Mama akamwachia Prodige mkono mmoja, akamnyoshea kidole yule samaki. Akacheka. Mapovu yakamtoka mengi. Huyo alikuwa mwenye nyumba wake wa Isipingo, uso uleule, tumbo lilelile. Alimfukuza hadi nyuma ya mwamba akiwa amemshika Prodige mkono, na nyuma ya mwamba palikuwa na wengine. Prodige alipomwonyesha kwamba muda umetosha, mama alitikisa kichwa. Alipomwonyesha tena, akampiga kofi la bega.

Huko juu, Papa Baudouin alikuwa ameona nywele za dada yake zikielea peke yake.

"Yaya!" alipiga ukelele uliofika bandarini. Akazivua kwa kasia, akazikumbatia kifuani.

Bwana Pillay akamwonyesha mapovu yaliyokuwa yanapanda kando ya boti, akamweleza kwa Kiingereza na kwa vidole kwamba mapovu ni salama, mapovu maana yake watu wanapumua. Baudouin aliwahi kumwona mtu akizama Ziwa Tanganyika. Mapovu aliyajua. Akatoa simu, akampigia Serge, katibu wa chama cha kuzikana cha Wakongo. "Serge, yaya ametutoka. Bahari imemchukua. Mimi nimebaki na nywele."

Walipoibuka, mama akiwa na kichwa wazi na miwani kwenye paji la uso, Baudouin alipiga ukelele wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza.

"Unalilia nini, wewe?" mama alimuuliza. "Nipe nywele zangu."

Kuhusu simu, Baudouin hakusema. Alitumaini Serge hakusikia vizuri. Njia nzima ya kwenda Isipingo simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni, naye alikuwa anatetemeka nayo.

Walikuta hema limeshasimamishwa nje ya saluni. Viti vya kukodi vimepangwa, mchungaji ameketi wa mbele, kina mama wanakoroga fufu kwenye masufuria makubwa. Yvette alikuwa amekaa chini kati ya wanawake wawili, sauti imemkauka. Mama Marie-Jeanne akashuka garini, nywele zinachuruzika maji ya chumvi mkononi.

"Nani amekufa?"

Nusu ya waombolezaji walikimbilia upande wa steji. Mmoja wa wale wakorogaji wa fufu aliruka ukuta, mwiko mkononi. Yvette peke yake ndiye aliyekimbia kuja mbele, akamvaa mama yake, akalia upya, safari hii kwa hasira. Ilichukua muda kuwarudisha watu kwenye viti na kumtafuta Baudouin, aliyekutwa ndani ya saluni ameketi chini ya kikaushia nywele kana kwamba ni mteja.

Lakini shahidi ni shahidi. Baudouin akasimama mbele ya watu wote, miguu mitupu, akajaribu kuokoa heshima yake kwa kuuliza swali lililokuwa halali.

"Prodige. Kule chini sikuona. Mbele ya watu hawa, ulimgusa mama?"

Yvette akamtazama. Prodige akisema hapana, ni uongo. Akisema mama alimrukia, amemvua nguo mwanamke mzima mbele ya mchungaji.

"Nilimgusa, Papa," alisema. "Ni mimi. Na kwa kupenda."

Mnong'ono ukapita. Baudouin akafunga macho. "Bon. Basi imekwisha."

"Kaa chini, Baudouin," mama akasema. "Huyu mtoto ni mwongo. Mimi ndiye niliyempanda kama ngazi. Nilimshika kwa mikono na kwa miguu, na nywele zilikuwa zimekwenda. Alisimama pale kama nguzo ya umeme, anaogopa kunigusa, nikafikiri huyu mjinga ataniacha nife kwa heshima. Ndipo akanishika. Nami nikaona kazi yake. Kazi ipo."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, mchungaji akakificha kwa kitambaa. Baudouin alibaki amesimama.

"Lakini yaya, sheria… Mkwe akimgusa mama, analipa mbuzi. Mama akimgusa mkwe, hiyo haipo!"

"Sasa ipo. Nitalipa mimi. Mbuzi mmoja wa aibu."

"Huwezi! Mbuzi wa aibu ni kati ya mama na mkwe wake tu. Ukimlipa, umeshamfanya…" Baudouin akasita katikati ya sentensi.

"Malizia," mama akamwambia. "Wewe ndiye shahidi."

Mahari yakapangwa saa ileile, kwa kuwa wazee walikuwepo, viti vilikuwepo, na chakula kilikuwa kimeshaiva.

Gharama ya siku hiyo ni hii. Wigi moja, lililokufa kwa chumvi. Viatu vya mamba, jozi moja. Hema na viti sitini, alivyolipa Baudouin, kwa sababu anayeleta msiba ndiye anayeulisha. Magunia mawili ya unga, na sufuria moja iliyoungua chini mkorogaji alipokuwa juu ya ukuta. Mbuzi mmoja, kutoka kwa mama kwenda kwa mkwe. Mbuzi kumi na wawili, kutoka kwa mkwe kwenda kwa mama. Prodige ameshalipa wanne.