Mikweme Mitatu ya Kang'ata

Watu wa kitongoji chetu kule Kang'ata walinicheka miaka mitatu. Mwaka wa nne waliacha, wala si kwa sababu niliwashinda. Waliacha kwa sababu sote tulipakiwa kwenye malori pamoja na kuku wetu, na kwenye lori hakuna wa kumcheka mwenzake.

Mimi ni Hajira, mzaliwa wa Mpale, upande wa Korogwe, kule milimani. Sadala alinioa akanishusha kwao Handeni, nchi ya jua na mahindi. Tulizaa watoto watatu. Zuena, wa kwanza, yuko hai mpaka leo. Kudra alikufa ana miezi mitano, na mdogo wake alikufa siku ya nne, kabla ya kupewa jina. Maziwa yangu yalikuwa haba. Watoto walinyonya wakalia, wakanyonya wakalia. Tuliwazika nyuma ya nyumba karibu na mkwaju, na kila Ijumaa Sadala alisimama pale akawasomea Fatiha kabla hajaenda msikitini.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, alipopata habari za huyo wa pili alishuka mpaka Mombo, akapanda basi akaja na kifurushi cha kweme. Kwetu mwanamke akijifungua hupewa kweme, zile mbegu bapa zenye mafuta za mkweme, mmea unaotambaa juu ya miti. Hutwangwa zikatiwa kwenye uji, na maziwa huja. Nilipojifungua huku hakuna aliyenipa, maana huku hakuna aliyekuwa nazo. Mama alinipikia, lakini mtoto wa kunyonya alikwisha kwenda. Mbegu saba aliziweka kando.

"Hizi panda," aliniambia. "Mkweme ukishika hutaomba kwa mtu, wewe wala Zuena. Ila ukichanua uangalie. Ule wenye maua ya vichala ni dume, hauzai. Ukate mapema, usije ukaulemea mti bure."

Maneno hayo nayakumbuka kama yalivyotoka kinywani mwake.

Kuotesha mkweme Kang'ata ni kubishana na nchi. Mbegu nne nilizipanda wakati wa masika, uwanjani, mahali peupe, nikidhani jua ni jua tu. Zilichipua vizuri, na mvua zilipokatika zikakauka zote kwa wiki moja. Nikakaa nikafikiri. Mkweme kwao hukaa na miguu kivulini na kichwa juani. Basi vuli ilipofika nilipanda zile tatu zilizobaki chini ya mkwaju, mahali maji ya kuogea yalipopita, nikafunika mashina kwa mawe bapa ili udongo usipate moto. Nikatia majivu kuzuia mchwa. Nikazungushia miba kwa ajili ya mbuzi, na nikasimika vijiti vya kuishika mkono mpaka ifikie tawi la kwanza.

Mwaka mzima hazikufanya kitu. Zilikaa pale, kila moja na majani yake matano. Wanawake waliokuja kuazima kinu walichungulia ule uzio wa miba wakasema, "Mke wa Sadala anafuga kamba." Mzee Mdoe, jirani yetu, rika la mume wangu na mtu wa chama, alinisalimu kwa kuniuliza kamba zangu zimeamkaje. Nilimjibu kwamba zimeamka salama, zinamuulizia. Sikuwa mtu wa kukubali kuchekwa bure.

Mwaka wa pili zikaanza kutambaa. Wa tatu zilipanda mkwaju kana kwamba zimeitwa huko juu. Mashina yakawa manene kama kifundo cha mkono, na kivuli chake kikafika mpaka kwenye makaburi ya wanangu. Nilifurahi. Nilikuwa sijafurahi siku nyingi.

Masika ya mwaka sabini na nne mmoja ukachanua kabla ya wenzake. Ulitoa vichala, maua ya zambarau yenye ncha zilizochanikachanika, mazuri hasa. Nikachukua panga.

Sadala alinikuta nimeinama kwenye shina. "Unakata kitu ulichokibembeleza miaka mitatu?"

"Ni dume. Halizai."

"Subiri basi hao wengine wachanue, tuone."

"Wewe unajua mahindi," nilimwambia. "Mkweme niachie mimi."

Akacheka, akaniachia. Alikuwa mtu wa kuniachia mambo. Nililikata shina mara tatu, na baada ya siku nne majani yote ya upande ule yakanyauka, nami nikaona nimefanya kazi safi.

Wiki mbili baadaye Mzee Mdoe alikuja, na safari hii hakuniuliza habari za kamba. Alikaa na Sadala kibarazani akasema kwamba sasa ni amri ya serikali. Kila mtu atahamia kijiji kipya, kule ng'ambo, mwendo wa saa nne kwa miguu. Nyumba zitavunjwa.

"Wote?" Sadala aliuliza.

"Kamati itapita kwanza kuandika mazao ya kudumu. Mwenye mti unaozaa, wenye matunda juu yake kamati ikiyaona, anaweza kuachwa. Rehani ana michungwa yake kumi na miwili, yeye nadhani atabaki."

"Sisi tuna mahindi na muhogo."

Mdoe akatazama nyuma ya nyumba. "Mna ile mikweme. Mbegu za mafuta zinatakiwa. Ikizaa, mimi nitasimama nawe. Isipozaa sina la kusema. Ila nakushauri kama ndugu, Sadala. Nenda kesho ukachague kiwanja karibu na kisima. Wanaowahi ndio wanaopata."

Jioni ile Sadala aliniuliza jambo moja tu. "Itazaa?"

Mikweme miwili iliyobaki ilikuwa imeanza kutoa machipukizi ya maua, moja moja, kila moja na kijiboga chake kidogo nyuma. Kwetu ukishaona kijiboga unatafuta kapu. Nikamwambia, "Kabla ya mwezi kwisha utayaona mwenyewe."

Basi hakwenda kuchagua kiwanja. Wenzake walikwenda, wakapima, wakapiga vigingi. Yeye alibaki akilima shamba lake, na waliomuuliza aliwajibu kwamba hawezi kuwaacha watoto wake waliolala chini ya mkwaju, na mke wake amekwisha kumhakikishia. Alisema hivyo mbele za watu. Alisema hivyo mbele ya Rehani, ambaye hakuwa rafiki yake.

Maua yalifunguka. Asubuhi niliyahesabu kwa kidole, arobaini na kitu. Siku ya tatu yakaanza kuanguka pamoja na vijiboga vyake, vimekuwa njano kama vimepikwa. Nikaongeza maji. Yakachanua mengine, yakaanguka. Nikaongeza samadi, nikaongeza mawe, nikafukuza kuku, nikamkataza Zuena kupita pale akiwa na moto. Nilimsingizia kila mtu macho mabaya, hata mke wa Rehani, maskini, aliyekuja kuomba chumvi. Nilimwambia Sadala kwamba ya kwanza huanguka, ndivyo ilivyo, yanayofuata ndiyo yanayoshika. Sikuwa najua. Nilisema tu.

Kamati ilikuja siku ya Jumanne, watu wanne. Mdoe alikuwemo, na wageni wawili wenye daftari, na bwana shamba mmoja aitwaye Matayo, kijana aliyekulia kwenye kambi za mkonge za Korogwe. Ni yeye pekee aliyenisalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sadala aliwapeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, ile kanzu. "Mke wangu anaijua kazi hii," aliwaambia. "Wao kwao ndiyo asili yake."

Matayo aliinua uso akaangalia muda mrefu. Akaokota vijiboga vya njano vilivyoanguka, akavipasua kwa ukucha. Kisha akauzunguka mkwaju mpaka akafika kwenye kile kisiki nilichokiacha.

"Mama, hii iliyobaki yote ni majike. Dume liko wapi?"

"Nililikata."

"Kabla haya hayajachanua?"

"Kwetu ndivyo tunavyofanya. Dume halizai."

"Kwenu wapi?"

"Mpale."

Akatikisa kichwa polepole. "Mpale madume yamejaa msituni, mama. Mkikata la nyumbani, nyuki wanaleta unga wa maua kutoka kwa lingine. Huku, tangu hapa mpaka Korogwe, huenda dume lilikuwa hilo moja. Jike haliwezi kushika tunda bila unga wa dume."

Aliongea kwa upole. Angefoka ningepata pa kushika, ningemjibu. Na Sadala alikuwa kando yangu akisikia kila neno.

"Mwakani akipanda dume lingine?" Mdoe aliuliza. Namshukuru kwa hilo.

"Miaka mitatu," alisema Matayo.

Mmoja wa wale wageni alifunga daftari. "Andika hakuna. Hilo ni pambo la nyumba."

Walipoondoka Sadala aliingia ndani, akavua kanzu, akaikunja vizuri. Kisha akatoka na nyundo akaanza kung'oa bawaba za mlango, maana waliotangulia walisema mlango ndio kitu cha kwanza cha kuokoa.

Kiwanja tulichopewa kilikuwa cha mwisho, cha kokoto, mbali na kisima kupita vyote. Kwenda na kurudi na ndoo moja unatumia asubuhi nzima, na nilikwenda mara mbili kwa siku. Majirani zangu wa zamani walikaa karibu na maji. Walinipisha foleni kwa heshima, nami heshima ile niliichukia. Wakaja watu kutufundisha kupanda mahindi kwa mstari mwezi ule ule wanaopanda kwao, huko kunakonyesha mapema. Mbegu zililiwa na mchwa ardhini kabla ya mvua kufika. Wanaume waliwacheka chini chini. Mimi sikucheka.

Sadala hakunilaumu. Ningependa anitukane. Nilimchokoza ili anitukane. Niliunguza ugali, nilimjibu vibaya mbele ya wageni, na yeye aliniangalia, akanyanyuka akaenda zake shamba. Mwanzoni kila Ijumaa aliamka alfajiri akatembea zile saa nne mpaka nyumbani kwetu kwa zamani, akawasomea watoto, akarudi usiku umeingia. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi. Kisha goti likaanza kuvimba. Ijumaa moja alifika mwisho wa kiwanja, akasimama, akageuka akarudi, akalala kifudifudi mchana kutwa. Hakwenda tena.

Siku ya pili yake nilifunga khanga mbili kwenye kifurushi nikasafiri kwenda kwa mama. Basi mpaka Mombo, na kutoka pale kwa miguu mlimani, siku nzima. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilitaka mtu wa kumgombeza, na mtu huyo nilimjua.

Nilimkuta ameketi anabangua kweme, chungu kizima. Sikumwachia nafasi ya kunikaribisha.

"Kwa nini hukuniambia kwamba dume linatakiwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Nani kakwambia linatakiwa? Mimi nakata madume tangu sijavunja ungo. Mama yangu alikata. Na haya yanazaa."

Nikamweleza. Nilimweleza kama Matayo alivyonieleza, unga, nyuki, msitu. Nikamweleza kamati, na kiwanja cha kokoto, na Sadala alivyogeuka njiani. Nilitumia sauti kubwa kuliko inavyoruhusiwa kwa mzazi, na yeye alinisikiliza akiwa na kweme moja mkononi, hakuibangua. Nilipomaliza aliinua uso akautazama msitu. Alikuwa ameuona msitu ule miaka yote ya maisha yake.

"Na wale watoto wa chini ya mkwaju?" aliuliza hatimaye. "Umewaacha na nani?"

"Sikuwaacha na mtu, mama."

Akajifunika uso kwa upindo wa khanga akaanza kulia, akisema ni yeye, ni yeye aliyewaua mara ya pili. Nami niliyepanda mlima ule wote ili nimgombeze, nikapiga magoti nikamshika mikono, nikambembeleza kwa kosa nililolifanya mwenyewe, kwa panga langu, siku mume wangu aliponiambia nisubiri.