Felti ya Pijo ya Mwalimu Owiti

Saa nne asubuhi, pale Kondele, fundi Wabwire alikunja zulia la Pijo ya Mwalimu Owiti akaishika felti, lile tambara zito linalobandikwa juu ya bati ili gari lisingurume ndani. Ilikuwa na miaka thelathini na mmoja, panya wameila, inanuka omena, dagaa wa ziwani. Alipong'oa kipande cha nyuma, upande wa kushoto, felti ikaanza kuimba.

Ilikuwa sauti ya Beldina, mke wa Mwalimu. Beldina mwenyewe alikuwa kwenye benchi kando ya mumewe, anakunywa chai, akaitambua papo hapo. Miaka yote amekaa kiti cha nyuma cha Pijo hiyo, maana kiti cha mbele ni cha ngoma ya kwaya.

"Hizi za zamani zinanyonya sauti sana, Mama," Wabwire alisema, akiendelea kukwangua gundi. "Juzi Datsun moja ilitoa mahubiri mpaka jioni."

Felti iliimba nyimbo zote kumi za albamu ya kwaya. Beldina alisikika akikosea, akirudi, akibadilisha neno. Baada ya kila wimbo ilikuja sauti ya Mwalimu: "Gari inapiga kelele, Mama Sheryl. Rudia niandike."

Albamu ilikuwa itoke Jumapili, na juu yake jina la mtunzi lilikuwa moja tu, Mwalimu Owiti. Beldina hakutaka makubwa. Alitaka na lake liwepo, hata chini kabisa, hata kwa herufi ndogo, binti yake Sheryl alione.

Muuza mandazi wa jirani alikuja akashika sauti ya pili. Mwalimu naye aliingia na besi, macho kafumba, raha tupu.

"Baba Sheryl, si umesikia?" Beldina aliuliza.

"Yawa! Nimesikia kabisa. Hiyo sauti ulipewa, mama."

"Basi jina langu liandikwe."

"Aa, sasa makava yameshachapishwa," Mwalimu alisema kwa upole, akamnunulia mandazi manne.

Beldina alikasirika, tena sana. Lakini mandazi yalikuwa ya moto, akayala.

Alasiri Wabwire alibandika felti mpya, nene kama chapati. "Hii inanyonya kushinda ile," alionya.

Walipoondoka, Beldina aliinama akaitajia sakafu majina yake matatu na tarehe. "Huu ni wimbo wa kumi na moja," alisema, akaimba. Gari halikunguruma tena, kwa hiyo Mwalimu hakuomba arudie. Alipiga mdundo kwenye usukani na kucheka peke yake.

Walipofika Nyamasaria, polisi aliwasimamisha kukagua magurudumu, akauliza furaha yote hiyo ni ya nini.

"Afande, nimetunga wimbo sasa hivi!"

Afande akampongeza, akaomba kuusikia. Mwalimu aliuanza vizuri, akakwama kwenye ubeti wa pili, akageuka nyuma.

Beldina akampa maneno.