Mume Aliyewaka Buluu

Fundi wa taa za matangazo alirudi kutoka kazini jioni, akavua viatu mlangoni, na mkewe akanyoosha mkono kumwekea sawa kola iliyopinda. Vidole vilipogusa shingo, fundi akawaka. Mwanga wa buluu ulimtoka kwenye ngozi, ukatua kwenye masufuria na kwenye uso wa mkewe.

"Umechelewa," mkewe alisema, akaenda kupakua chakula.

Alipomwachia, fundi akazimika. Walijaribu tena wakila, ikawa vilevile. Fundi, ambaye si mtu wa maneno mengi, alieleza kwamba gesi za kwenye mirija ya matangazo ni gesi za kujitenga, hazina habari na mtu. Hukaa kimya ndani ya kioo mpaka zipitishiwe umeme, na hapo kila moja hutoa rangi yake. Neoni huwa nyekundu kama kaa la moto. Heli, waridi iliyopauka. Argoni ikiwa peke yake hufifia, ndiyo maana yeye huitilia tone la zebaki, ikang'aa buluu.

"Kwa hiyo umeme ni mimi," mkewe alisema.

"Tangu zamani," fundi alijibu, akainamia sahani.

Jirani yao, ambaye kazi yake katika karakana hiyohiyo ilikuwa kujaza neoni, aliwaka nyekundu kila binti yake alipompanda mgongoni, na alikuwa mzima wa afya. Fundi hakuwa mzima. Mikono ilimtetemeka, herufi za mirija alizopinda zikatoka kombo, na fizi zikaanza kuvuja damu.

Kwa daktari hakuwaka, ikabidi mkewe amshike mkono. Daktari aliutazama mwanga kwa makini.

"Nyekundu ya neoni haidhuru. Hii ni zebaki, mzee, umeivuta miaka yote hiyo. Hamna feni ya kutoa hewa?"

"Kuna dirisha."

"Mnalifungua?"

"Tumekatazwa. Vumbi huingia kwenye kioo."

Mke wa fundi alikwenda kwa mwenye karakana kuomba dirisha lifunguliwe. Alipewa kiti na pole. Mke wa tajiri alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mkono begani kwake, na tajiri hakuwaka hata kidogo, kwa kuwa hakuwahi kukanyaga chumba cha gesi.

"Buluu ndiyo wateja wanayoililia, mama," alisema kwa upole. "Mzee apumzike. Nafasi yake nitampa mdogo wake, isiende nje ya familia."

"Shemeji, usiende," mke wa fundi alimsihi mdogo wa mumewe.

"Nisipokwenda watoto watakula nini, shemeji?"

Akaenda. Dirisha lilibaki limefungwa.

Fundi sasa alishinda nyumbani. Umeme ulipokatika, mkewe alichambua mchele huku ameegemeza mguu wake kwenye wa mumewe, na hakuna punje ya mawe iliyompita.

Jioni moja shemeji alikuja na mkewe, wameshikana mikono. Kucha za shemeji ziliwaka buluu iliyokolea. Wote waliona. Mke wa fundi aliwakaribisha, akamwita yule mke jikoni, akamwonyesha namna ya kumpa chai mtu anayetetemeka.

"Kikombe chake usikijaze," alimwambia. "Tia nusu. Na chako pia, tia nusu, asijione yuko peke yake."