Boti ya Kunyweshea Ng'ombe

Kaka yangu Ignas alijua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Alishuka Mang'ola mwezi wa kwanza mwaka 1983, juu ya lori lililokuwa linafuata vitunguu, kopo la resini, gundi ya kuzibia fiba, amelipakata kama mtoto mchanga, na kabla hajanisalimia alikuwa ameshaniambia kwamba boti yangu ni kazi ya siku mbili.

"Yangu" nilikuwa nasema mimi tu. Boti ilikuwa ya kijiji. Ililetwa na mradi wa uvuvi miaka minne nyuma, ya fiba, nyeupe pe, na marehemu mume wangu Piusi ndiye aliyefundishwa kuiendesha, naye akanifundisha mimi. Halafu Ziwa Eyasi likakauka, Piusi akafa kwa homa, na boti ikaburutwa hadi kisimani ikawa hori la kunyweshea ng'ombe. Miaka miwili ilikaa imejaa maji, ikilambwa na kupigwa pembe. Sasa mvua zilikuwa zimenyesha mpaka ziwa limerudi na kambale wake, na mimi na rafiki yangu Rozalia, mwanamke wa Singida aliyekuja kulima vitunguu vya watu, tuliomba tupewe boti tuvue.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Bartolomeo, alikubali kwa sharti.

"Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa pili naileta kamati ziwani. Ikivuja, inarudi kwa ng'ombe. Mimi sitaki kuzika akina mama."

Ikirudi kwa ng'ombe, mimi nami nilikuwa narudi kwetu Qurus. Sikuwa na shamba Mang'ola, na ndugu wa mume walishaanza kuniuliza nangoja nini. Qurus kulikuwa na chumba nyuma ya nyumba ya Ignas, mama alishanitandikia kitanda. Ningekula vizuri, ningelea watoto wa wengine, ningezeeka. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja.

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," Ignas aliniambia siku ile ile, tukiwa tumekaa kwenye chai.

"Mimi sijavunjika guu, kaka. Kunywa chai yako."

Tuliisugua boti tukaitoa tope. Ndani yote, pale maji yalipokuwa yakikaa, ile rangi nene ya juu ambayo mafundi huiita jelkoti ilikuwa imeumuka malengelenge, mengine madogo kama punje za mahindi, mengine mapana kama kifuniko cha birika. Ignas alitoboa moja kwa patasi. Yakatoka maji ya kahawia, yananuka kama togwa iliyochacha. Kwa mara ya kwanza nilimwona ananyamaza.

"Maji yameingia mpaka kwenye nyuzi za fiba," alisema. "Nikipaka juu yake, mwezi haupiti yataumuka tena. Inabidi tuyapasue yote, tuyaoshe, boti ikauke mpaka ndani. Wiki tatu."

"Si ulisema siku mbili?"

Alipanda lori akarudi kazini, akatuachia patasi na kopo lake.

Mimi na Rozalia tulipasua malengelenge sabini na manne. Tuliyaosha kwa maji ya chemchemi, tukailaza boti ubavu juu ya mawe ili jua na upepo vipite. Kila asubuhi tulibandika kipande cha nailoni cha mfuko wa mbolea juu ya fiba. Jioni tukikuta umande chini yake tunajua bado inatoa maji. Siku ya kumi na tisa tulibandua nailoni ikawa kavu, na Rozalia akapiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani kajifungua.

Ignas alirudi Jumanne, siku tatu kabla ya kamati, na furushi la nyuzi mpya na kopo dogo la jelkoti. Kazi ya fiba alijifunzia kwenye karakana ya magari ya watalii kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kule ukungu hauondoki mpaka saa tano, na resini usipoizidishia dawa ya kugandisha inabaki inanata wiki nzima. Kwa hiyo aliizidishia, kama mkono wake ulivyozoea miaka minane. Alichanganya nusu ya resini yote kwa mkupuo mmoja, saa saba mchana, katika joto la Mang'ola ambalo hata mbuzi hulikimbia.

Hakumaliza kiraka cha kwanza. Resini ilianza kutokota kwenye debe, ikafuka moshi wa kuchoma macho, ikawa jiwe na brashi imo ndani.

"Umefanya makusudi!" nilipiga kelele. "Unataka nirudi Qurus nikulelee watoto!"

Rozalia aliinamisha kichwa. Ignas aliliangalia lile jiwe, kisha akaniangalia mimi.

"Kutaka urudi nataka," alisema. "Mama anakulilia kila Jumapili akitoka misa. Lakini kuharibu kazi kwa makusudi siwezi, Marsela. Hata kwa ajili yako siwezi."

Nilimwamini palepale, na nikaona aibu. Lakini sikumwomba radhi. Mimi nikikasirika, ulimi unatangulia na miguu inachelewa kuufuata.

Resini iliyobaki isingetosha hata nusu ya mashimo. Ignas aliyazunguka akiyatazama, akisema hili baya, hili afadhali, akabadilisha maneno, akaanza upya. Macho hayakumsaidia, kwa sababu yote yalionekana mabaya.

Kwetu mwanamke hanunui kibuyu wala chungu kabla hajakigonga akasikiliza. Kizima kinalia wazi, chenye ufa kinajibu kwa sauti ya kukwama. Nilichukua kijiko cha mezani nikaanza kugonga boti, shimo kwa shimo, sikio karibu na fiba. Mahali pengine ililia *ko*, kavu. Mahali pengine ilijibu kwa sauti nzito, kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. Hapo niliweka alama ya mkaa.

"Sasa unaigongea nini, inanunuliwa?" Ignas alicheka.

"Chimba hapo."

Alichimba kwenye alama. Nyuzi zilikuwa zimeachana tabaka kwa tabaka, zinabanduka kama maganda ya kitunguu. Akachimba pengine, palipoonekana pabaya kuliko pote lakini palipolia vizuri, akakuta fiba ngumu na safi. Hakucheka tena. Alisogea kando, akanipa nafasi niendelee.

Yaliyooza kwa ndani yalikuwa ishirini na mawili tu. Hayo yangepata nyuzi mpya na resini, mengine yangetosheka na jelkoti peke yake.

Safari hii hatukungoja jua. Tulianza kesho yake kukipambazuka, upepo wa baridi unatoka mlimani, na Ignas alichanganya kikombe kimoja cha kahawa kwa wakati, dawa akiitia kwa matone. Alipaka, mimi nikakandamiza nyuzi ili hewa isibaki ndani, Rozalia akafunika kila kiraka kwa nailoni ili jelkoti isiguswe na hewa ikabaki inanata. Jua likipanda tunaacha. Mikono ilituwasha siku mbili mfululizo. Alhamisi jioni tulipiga msasa, na resini ilikuwa imekwisha kabisa.

Ijumaa kamati ilikuja. Mzee Bartolomeo aliichokoachokoa boti kwa fimbo kila mahali, kisha akaamuru isukumwe majini. Nikakunja gauni nipande.

"Ngoja," alisema. "Aliyeitengeneza atangulie."

Ignas hakuwahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Alivua viatu, akavishika kifuani, akapanda mbele ya watu wote, akakaa katikati. Mimi na Rozalia tukashika makasia.

Ziwa hakulitazama hata mara moja. Alitazama sakafu ya boti, akipapasa kiraka kimoja baada ya kingine kwa kiganja.

"Pakavu," alisema. Tukapiga makasia. "Pakavu. Na hapa pakavu."

Tulienda mpaka sauti za kamati zikawa ndogo. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi.

"Kaka," nilisema, "yale maneno ya Jumanne, nisamehe."

Alipapasa kiraka cha mwisho, akajipangusa kiganja kwenye suruali ingawa hakikuwa na hata tone.

"Mama nitamwambia mimi," alisema. "Nitamwambia kitanda akitandue."