Mzee Nikodemo Anahamishiwa Windows

Jumanne moja ya mwaka 2003, saa tisa alasiri, Brigita alikuwa amempakata mwanawe Dativa mkono wa kushoto, akimnyonyesha, na kwa mkono wa kulia anaandika amri kwenye kompyuta ya darasa la jioni mjini Lindi. Chumba hicho kiliwahi kuwa ghala la ushirika, kabla wanunuzi binafsi hawajaruhusiwa. Ushirika ulikwisha, harufu ya magunia ya korosho ikabaki. Feni ilipuliza upande mmoja tu, upande usio na mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Marehemu baba yake, mzee Nikodemo, aliacha shamba la mikorosho nyuma ya Mchinga, na shamba hilo sasa lilikuwa limepatiwa mwekezaji. Hati ya mzee haikuwepo. Kwao mipaka hushikwa kwa mdomo: mwenye shamba hulizunguka, akitaja kila mti na aliyeupanda. Mwaka mmoja kabla ya kufa, mzee alilizunguka vile mbele ya mtafiti aliyemrekodi dakika arobaini na moja, kwa programu aliyoitunga mtafiti mwenyewe. Sauti ile haikufunguka kwa programu nyingine yoyote. Mtafiti alipoondoka aliliachia darasa kompyuta yake, faili la sauti, na maandishi yote ya kuijengea programu ile. Kompyuta ilikuwa ya Linux. Ofisi iliyosikiliza malalamiko ya ardhi ilikuwa na ya Windows, na programu ya moja haifunguki kwenye nyingine.

"Sauti tunapokea," karani wa huko, Bi Zakia, alikuwa amemwambia kwa upole. "Ila iwe yenyewe, isigeuzwe. Ikigeuzwa si yeye tena."

"Basi nije niijenge programu yake humu kwenye kompyuta yenu?"

"Mtu wa nje haigusi, mama. Wewe lete kitu kilichokwisha kujengwa. Mwisho Ijumaa."

Kwa hiyo ilibidi programu ijengwe ndani ya Linux, lakini iwe ya Windows, kwa ajili ya mashine ambayo Brigita hakuruhusiwa hata kuigusa. Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Kompyuta ilimtaka ataje mashine ya kujengea na mashine ambako programu itakwenda kuishi, na kila alipojaribu kujibu alijiona amesimama kizingitini, hajui kama anaingia au anatoka. Hapa ni hapa, au hapa ni kule? Akajaza alivyoona. Saa tisa na dakika arobaini mashine ikamaliza bila kulalamika. Akaibofya programu, kimya. Akaona sawa, kwa kuwa haikuwa ya hapo.

Asubuhi ya Jumatano mama yake, Skolastika, alishuka kwenye basi la Mchinga akiwa na chungu kilichofungwa kwa kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako yumo humu." Akakitua juu ya meza. "Kaanza jana saa tisa na dakika arobaini, kunde ziko motoni. Hazijaiva mpaka leo. Kila nikifunika, huyo, anaanza."

Ndani ya chungu mzee Nikodemo alikohoa. "Kutoka mkorosho wa Ismaili," akasema, "ule uliopigwa radi, shuka hatua sitini mpaka kichuguu."

Mwalimu Eusebio, aliyefundisha darasa la jioni, aliinama akasikiliza, kisha akachovya kidole akaonja. "Hazina chumvi," akasema. Akageukia skrini, akasoma amri za Brigita moja moja. "Ehe. Mama Dativa, wewe umeshona kanzu ya mtu wa Kilwa kwa vipimo vya mumeo. Programu umeiambia ni ya Windows, halafu vile vipande vya kutolea sauti umeipa vya Linux, vya humu humu. Itasema nyumbani tu."

"Sasa nyumbani si kwenye kompyuta hii? Chungu kinahusikaje?"

"Kwa mzee nyumbani ni wapi?"

Skolastika alikuwa na jibu, lakini alikuwa akitafuta chumvi.

Alhamisi Brigita alitafuta vipande vya Windows kwenye diski za mwalimu, akavipata vyote isipokuwa kimoja, akaanza kujenga upya. Umeme ukakatika katikati, ukarudi, kazi ikaendelea. Ilipokwisha, chungu kilinyamaza. Dativa, mwenye miezi minane na meno mawili, akaachia titi, akakohoa kikohozi cha babu yake, akasema kwa sauti nzito, "Kichuguuni ndipo kona. Kata kulia, fuata minazi mitatu aliyopanda Tawakali."

"Heri aijue mipaka mapema," Skolastika akasema.

"Mama, usinicheke. Nimekosea wapi tena?"

"Safari hii si ya humu," mwalimu akasema, "ila huko iendako hujaiambia ni wapi. Imeingia kwa aliye karibu."

Brigita alimfuta mtoto mdomo, akamlaza begani ili acheue. "Baba," akasema, "mwache anyonye kwanza." Mzee akangoja. Hata alipokuwa hai hakupenda kumkatisha mtoto anayekula. Mtoto aliposhiba, akaendelea na minazi.

Ijumaa asubuhi Brigita alifumba macho. Alijiweka kimawazo ofisini kwa Bi Zakia, kwenye kiti chake cha kuzunguka, akaangalia kutoka huko mpaka ghalani, na kwa mara ya kwanza kule kukawa hapa. Akakipata kipande kilichokosekana, akaijaza kila nafasi, akajenga. Dativa akarudi kwenye lugha yake ya ba-ba-ba. Skolastika aligonga chungu mara mbili, kama anayebisha hodi. Alipoona haitikiwi, akaenda kukiosha.

Brigita akaitia programu kwenye CD, pamoja na sauti, akaenda ofisini na mtoto mgongoni.

Bi Zakia aliingiza CD, akabofya. Mashine ikanguruma kidogo. Mzee Nikodemo akatoka, akaketi kwenye benchi la wageni, kofia magotini, miguu ina mchanga wa shambani.

"Shikamoo mzee," akasema Bi Zakia.

"Marahaba mwanangu. Kutoka mkorosho wa Ismaili, ule uliopigwa radi…"

Alisema dakika arobaini na moja. Kila kona alitua kidogo, kama inavyopasa, ili wanaojua waitikie, na kwa kuwa ofisini hakuna aliyejua, Brigita aliitikia peke yake: "Ndivyo." Mkuu wa ofisi alitoka chumbani kwake akasikiliza amesimama. Bi Zakia aliandika yote, akagonga muhuri.

"Ushahidi umepokelewa," akasema. "Tangu nianze kazi sijasikia mipaka iliyonyooka hivi."

"Kwa hiyo shamba ni letu?"

"Ni lenu, hakuna ubishi. Hata mkuu amekubali. Ila hati ya mwekezaji ilitoka Jumatatu."

"Lakini mlisema mwisho leo."

"Mwisho wa kupokea, mama. Kutoa hati ni meza nyingine."

Brigita aliitazama meza nyingine. Ilikuwa na kitambaa na chupa ya chai, hakuna mtu. Akamgeukia baba yake, aseme chochote. Mzee alikuwa na maneno ya dakika arobaini na moja tu, naye alikuwa ameyamaliza. Akayaanza upya.

CD ilibaki ofisini, kwa kuwa kilichopokelewa hakirudishwi. Makarani walimzoea mzee. Asubuhi walimsogezea kikombe cha chai, naye hakunywa.

Wiki ya tatu wapima ardhi wa mwekezaji walikwama. Ramani yao ilikuwa na kona nne, shamba lilikuwa na saba. Wakaandika barua ya kumwomba shahidi, mkuu akaidhinisha, Bi Zakia akambeba mzee pamoja na kompyuta mpaka Mchinga, na jenereta nyuma ya gari. Mzee alishuka akatangulia mbele. Alitaja mkorosho wa Ismaili, wakachimbia nguzo. Alitaja kichuguu, wakachimbia nguzo. Kila kona alitua.

Majirani walikuwa wamekuja kutazama, Brigita na mwanawe wakiwa kati yao. Hakuna aliyetaka kufungua kinywa kumsaidia mwekezaji. Lakini aliyekuwa anasema ni Nikodemo, na alichokuwa anasema kilikuwa kweli. Skolastika akatangulia.

"Ndivyo," akasema.

"Ndivyo," wakaitikia wote, kona baada ya kona, mpaka ya saba, na uzio wa mwekezaji haukukosea hata hatua moja.