Taa Mbili Chini ya Tepu

Lempi Harjula alipokanyaga breki katikati ya Mlima wa Mgodi, gari halikusimama. Liligeuka.

Alikuwa akiteremka pale kila asubuhi ya shule kwa miaka minne, mwendo uleule wa pole, na asubuhi hiyo ya Novemba hakuongeza hata kidogo. Wajukuu watano walikuwa nyuma wamefungwa mikanda, na Saimi wa miaka tisa, mkubwa wao, alikuwa akiwaimbisha wimbo wa shule ya Jumapili. Chini ya mlima basi la shule lilikuwa limesimama, taa zake nyekundu zinawaka, watoto wa watu wanavuka barabara. Lempi akakanyaga breki, na upande wa kulia wa gari ukashika kama uliofungwa kamba, upande wa kushoto ukaendelea na safari. Usukani ukamponyoka. Aliona miti, akaona basi, akaona mlima aliotoka, kisha miti tena, na kwa muda wote huo hakuna aliyelia ndani ya gari. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kuliko yote. Watoto watano, na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele.

Gari likaingia kinyumenyume kwenye rundo la mchanga ambao watu wa barabara huuweka pale kwa ajili ya theluji, likazama hadi madirishani, likatulia.

"Bibi," akasema Saimi kwa sauti ndogo, "tumefika?"

Lempi akageuka akawahesabu kwa kidole. Watano. Akawahesabu tena. Ndipo akaona kwamba mguu wake ulikuwa bado umekanyaga breki, na hakuweza kuuondoa mpaka dereva wa basi alipokuja mbio, akafungua mlango na kuuinua kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, uko mzima? Watoto wazima?"

"Wazima," akasema Lempi. "Mungu ni mwema. Wazima."

Waino alifika kabla polisi hajapigiwa simu. Nyumba yake ilikuwa hapohapo chini ya mlima, na alikuwa amesikia. Huyu alikuwa mdogo wa Reino, marehemu mume wa Lempi. Mwanamume mnene, mcheshi, ambaye tangu kaka yake afariki alijitwika kazi zote za kiume za nyumba ile bila kuombwa. Alikuja na ndara za ndani na koti juu ya nguo za kulalia. Aliinama kwenye gurudumu la mbele la kushoto, akapitisha kidole kwenye diski ya breki, akakinusa. Alipoinuka, ucheshi wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Ni mimi, shemeji," akasema. "Ni oili yangu."

Kule kwao barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu miezi mitano kwa mwaka, na chumvi hula chuma. Kwa hiyo kila vuli, kabla ya theluji, watu hunyunyizia oili chafu chini ya gari kwa pampu ya mkono, kisha hulipitisha kwenye njia ya vumbi ili vumbi lishikane na oili na kuwa ngozi. Reino alifanya hivyo kila mwaka. Ila Reino alifunika magurudumu kwanza, kila moja, kwa mifuko mitupu ya chakula cha kuku, akaifunga kwa kamba. Jumamosi iliyopita Waino alilifanyia gari la shemeji yake kazi hiyo kwa upendo mtupu. Mgongo ulikuwa unamuuma na moto wa sauna, bafu lake la mvuke, ulikuwa tayari umewashwa. Akasema mifuko ni mbwembwe za kaka.

Sasa alisimama mbele ya dereva wa basi na mbele ya watoto wote, machozi yanamchuruzika, akasema maneno ambayo watu wa kanisa lao huambiana tangu utoto. "Lempi, nimekukosea. Unaweza kunisamehe?"

Lempi hakufikiri. Katika kanisa lao mtu hafikiri hapo. Alimkumbatia, akamwambia aamini kwamba dhambi zake zimesamehewa katika jina la Yesu na damu yake, na Waino akalia begani kwake kama mtoto. Likishasamehewa, limekwisha. Halitajwi tena, si kwa aliyekosa, si kwa jirani, si kwa mtu yeyote. Ndivyo walivyolelewa, na Lempi alikuwa ameona ndoa na mashamba na urafiki wa miaka vikiokolewa na desturi hiyo.

Lakini wakati anamkumbatia Waino alikumbuka Jumapili. Walipokuwa wakienda ibadani, kwenye njia ya tambarare, gari lilikuwa limevuta kidogo kulia aliposimama kanisani. Kidogo tu. Alimwambia Waino uani, baada ya kahawa.

"Itaungua yenyewe," Waino akamjibu. "Breki zimepakwa mafuta, kesho zitakuwa zimekauka. Mbona unanitazama hivyo? Unanitazama kama mama yangu."

"Na ile taa?"

"Taa gani tena, shemeji?"

"Ile ya njano, uliyoiziba jana. Yenye picha ya gari lenye mikia miwili nyuma kama nyoka."

"Ah, ile! Ile imewekwa na watengenezaji ili wajane waende gereji kila mwezi." Wanawake waliokuwa karibu walicheka, na Lempi alicheka nao.

*

Fundi Orrin Pelkey hakuwa mtu wa kanisa lao wala kanisa lolote, ila alikuwa mkweli, na Reino alimwamini. Gari lilipovutwa hadi kwake alilipandisha juu, akamwita Lempi aje aone mwenyewe. Waino naye akaja.

"Tazama hapa, mama. Upande wa kushoto, mbele na nyuma, oili imeingia kwenye diski na pedi zimeinywa. Upande wa kulia ni pakavu. Ukikanyaga breki, kulia kunashika, kushoto kunateleza. Ndiyo maana mmezunguka."

"Hilo tunalijua," akasema Waino kwa haraka. "Limeshazungumzwa. Limekwisha."

"Halijaisha," akasema Orrin. "Gari hili, pamoja na uzee wake, lina kompyuta ya kuzuia jambo kama hilo. Likianza kuserereka, kompyuta inalipunguzia nguvu, inagusa breki ya gurudumu moja, inalirudisha kwenye njia. Hata kwa oili ile lingejitahidi. Lakini halikujaribu. Nikajiuliza kwa nini."

Alilishusha gari, akaingia kwenye kiti cha dereva, akawasha. Dashibodi ikawaka. Pembeni mwa kipimo cha mwendo palikuwa na kipande cha tepu nyeusi, kile alichobandika Waino Jumamosi. Orrin akakibandua kwa ukucha. Chini yake hapakuwa na taa. Palikuwa na tepu nyingine.

Hii ilikuwa ya zamani, imekauka, imepauka kijivu sawa na dashibodi, na pembe moja imeinuka. Pembe zile nyingine tatu zilikuwa zimekatwa mviringo kwa mkasi.

Lempi alishika mlango wa gari.

Orrin akaibandua na hiyo. Taa mbili za njano zikaonekana, picha ya gari lenye mikia na kando yake herufi tatu za breki, zinawaka kwa utulivu kabisa, kama zilizokuwa zikiwaka siku zote.

"Kila gurudumu lina kijicho kinachohesabu mizunguko," akasema Orrin. "Cha nyuma kushoto kimeliwa na kutu. Kompyuta isipopata hesabu ya gurudumu moja inajiondoa kazini. Inakuwashia taa hizi kukwambia: kuanzia sasa uko peke yako."

"Tangu lini?" Lempi akauliza.

Orrin alichomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma. "Gari lenyewe limeandika. Maili elfu thelathini na moja zilizopita."

Lempi hakuwa mtu wa hesabu kubwa, darasa la nane ndiyo mwisho wake, lakini hii aliweza. Reino alikuwa amekufa kwa moyo Agosti ya mwaka jana. Maili elfu thelathini na moja zilikuwa majira ya baridi matano. Hakuna mtu mwingine katika dunia hii aliyekata tepu kwa pembe za mviringo; Reino alisema pembe kali huinuka. Alikata hivyo tepu za mabomba, za vishikio vya shoka, na plasta ya magoti ya watoto. Na siku moja, Lempi alipomuuliza ile taa imekwenda wapi, alimjibu, "Imeungua," akaendelea kuendesha.

Akakaa juu ya tairi lililolazwa sakafuni.

"Shemeji," Waino akanong'ona, ameinama karibu naye, "mimi sikujua ni taa za kazi gani. Nakuapia. Niliona pembe ya tepu yake imeinuka na mwanga unapenya, nikabandika nyingine. Nilidhani..."

"Ulidhani Reino aliona inafaa."

Waino akainuka, akatoka nje.

"Nasafisha diski, naweka pedi mpya na kijicho kipya," akasema Orrin, anafuta mikono. "Jumatano gari litakuwa sawa, taa zote zimezimika kwa haki. Mwambie binti yako asiwe na wasiwasi."

Nje, Waino alimshika mkono. "Mwanao Kirsti anajua ni oili. Nimemwomba msamaha kwa simu, amenisamehe. Basi. Ya tepu usimwambie. Kaka amelala kaburini, utamfukua kwa sababu gani? Na mimi umenisamehe mbele ya basi zima. Lililosamehewa huwezi kulirudisha mezani, Lempi. Unajua hivyo kuliko mimi."

"Najua," akasema.

"Ukimwambia, hatakupa watoto tena."

Hilo nalo alilijua. Tangu Reino aondoke, kuwabeba watoto wale shule asubuhi na kuwarudisha mchana ndiyo kitu kilichomtoa kitandani.

*

Jumatano mchana, nyumbani kwa Kirsti, mkate wa iliki ulikuwa umetoka jikoni na watoto walikuwa wakivua mabuti mlangoni kwa fujo. Kirsti alikuwa na sare yake ya zahanati na mtoto wa sita tumboni. Mumewe alikuwa kwenye kambi ya wakata magogo hadi Ijumaa.

"Orrin amenipigia," akasema, anammiminia mama yake kahawa. "Gari tayari. Afadhali, maana jana na leo nimechelewa kazini, mkuu ananitazama kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo kesho unawachukua kama kawaida?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa neno moja. Lempi aliangalia kahawa yake. Alikuwa ameomba usiku mbili, na kila alipoomba aliiona taa ile ya njano ikiwaka chini ya tepu bila mtu kuitazama.

"Kirsti, funga mlango wa huko kwa watoto."

Kirsti akaufunga, akakaa.

Lempi alisema yote. Hakusema la Waino zaidi ya kile Kirsti alichojua. Alisema lake: kwamba Jumamosi aliona taa inazibwa akanyamaza, kwamba Jumapili gari lilivuta akacheka na wanawake uani, kwamba Jumatatu aliwafunga watoto mikanda akijua. Kisha, kwa kuwa Kirsti alikuwa bado anangoja, akasema na ile tepu ya chini.

"Pembe za mviringo," akasema Kirsti.

"Ndiyo."

"Baba."

"Ndiyo, mwanangu."

Rangi ilimtoka Kirsti usoni mpaka midomoni. Alishika tumbo kwa mikono miwili. "Nilipokuwa na mimba ya Urho, alinipeleka hospitali na gari hilo. Theluji inaanguka. Nilimwambia aendeshe haraka, Mama. Alinijibu nisiogope, gari hili linajishika lenyewe." Akaacha. "Alinijibu hivyo."

Nyuma ya mlango mtoto mmoja alikuwa akimsuta mwingine kwamba ananuka soksi.

"Nimekukosea," akasema Lempi. "Unaweza kunisamehe?"

Kirsti aliinuka hapohapo, akazunguka meza, akamkumbatia mama yake kwa nguvu, tumbo kati yao, akamwambia yale maneno, yote, jina na damu, bila kupunguza hata moja. Lempi akayapokea, kifua kikafunguka. Akafuta macho kwa aproni. Akanyoosha mkono kwenye mkoba wake wa kusokotwa.

"Basi asubuhi saa moja na robo nitakuwa hapa."

"Hapana, Mama."

Lempi alidhani hakusikia vizuri.

"Nimekusamehe, na Mungu anajua nimekusamehe," akasema Kirsti, bado amemshika mabega. "Lakini hawapandi kwako. Si kesho. Labda baada ya theluji, labda siku nyingine, sijui. Na nitalitaja hili tena. Nitalitaja kwa baba mdogo Waino, nitalitaja kwa mume wangu, nitalitaja kwa mtu yeyote mwenye tepu kwenye dashibodi, hata kama limesamehewa mara mia."

Katika miaka yake sitini na saba Lempi hakuwahi kusikia mtu wa kanisa lao akisema hivyo kabla machozi ya msamaha hayajakauka. Alifungua mdomo kumkumbusha walivyolelewa. Mwanawe alikuwa akimtazama bila hasira hata kidogo, na hapo ndipo mshtuko ulipompiga sawasawa, kwa sababu alitafuta ndani yake neno la kumpinga na hakulipata.

Mlango ukafunguka. Saimi aliingia, soksi moja mkononi.

"Bibi, kesho mimi ndiye nachagua wimbo. Si Urho. Urho alichagua Jumatatu na tukazunguka."

Kirsti alivuta pumzi ili amjibu. Lempi akawahi.

"Kesho unapanda kwa mama yako," akasema.

"Kwa nini? Gari si limepona?"

"Limepona," akasema Lempi. Akamvuta karibu, akaichukua ile soksi, akaanza kumvisha. "Bibi yako bado."